Nani Atamuulizia?

Reli haijawahi kufika Kisii. Nikimwambia mtu hapa mjini kwamba nasoma habari za reli ya zamani, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: "Reli gani, na huku tuko na matatu tu?" Na ni kweli. Ukitaka kuona reli ukiwa hapa, unapanda gari la Kisumu, unapita Oyugis, unapita Ahero, ndipo unaanza kuona vyuma. Wa Nyamira naye anashuka kupitia Sondu, mwisho wa safari ni ule ule.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma kumbukumbu za Reli ya Uganda kwenye simu. Mchana naandikia watu wengine, kazi za kulipwa kwa neno, na usiku bando ikiwa bado ipo nafungua ripoti zilizopigwa skani, ramani, picha na michoro. Rafiki yangu mmoja ananicheka. Ati niliacha chuo mwaka wa pili, sasa najipa kozi ya historia bila cheti. Sawa tu. Kuna swali lilinishika, na si swali la historia peke yake. Mtu akifa kazini na hakuna aliyeandika jina lake, kosa ni la nani? Na sisi tuliobaki, tunadaiwa nini?

Tuanze na michoro, maana ndiyo mizuri zaidi. Mwaka 1891 na 1892 Kapteni J. R. L. Macdonald alipima njia kutoka Mombasa hadi ziwani, miaka kadhaa kabla ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896. Wahandisi wa reli huchora nchi kama umeikata kwa kisu na kuitazama kutoka ubavuni. Unaona mstari ukipanda kutoka baharini, ukivuka nyika, ukishuka kwenye Bonde la Ufa, ukipanda tena hadi Mau, mahali palipo juu kuliko pote kwenye njia ile, kisha ukiteremka hadi ziwani. Chini ya mstari kuna tarakimu: kimo, mteremko, umbali, mto. Kati ya Mau na Kisumu peke yake kulikuwa na madaraja marefu ya chuma 27, na vyuma vyake vilitoka Marekani, kwa kampuni iliyoitwa American Bridge Company. Kila kipande kilikuwa na mchoro wake na namba yake, ili kikishushwa melini Mombasa fundi ajue kinakaa wapi.

Nimeyatazama mambo hayo kwa heshima. Mtu aliketi mbali sana, akahesabu boliti ambazo zingefungwa porini karibu na Fort Ternan, na boliti zikatosha. Hiyo ni akili kubwa. Lakini ukishajua kwamba watu wale walikuwa na uwezo wa kufuatilia kila chuma kutoka ng'ambo ya bahari hadi bonde fulani, huwezi tena kukubali kirahisi mtu akikuambia hawakuwa na uwezo wa kuandika majina.

Sasa njoo kwa watu. Ripoti za reli zinasema wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India. Waliokufa ni 2,493. Reli yenyewe, Mombasa hadi Kisumu, ilikuwa maili 582, kwa hivyo ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili. Hesabu hiyo imerudiwa mara nyingi, hata kwenye vitabu vya shule, na ni sawa irudiwe. Lakini iangalie tena. Haisemi 2,500, haisemi "karibu 2,500." Inasema 2,493. Mtu alihesabu hadi yule wa mwisho.

Halafu uliza: na Waafrika je? Walikuwepo. Walibeba mizigo, walikata vichaka, walichota maji, waliongoza njia, walichimba. Kwao hakuna tarakimu inayolingana na hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Tsavo. Hadithi unaijua: mwaka 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja, mpaka Luteni Kanali Patterson alipowaua wote wawili mwezi Desemba. Kwenye kitabu alichochapisha mwaka 1907, Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa. Kisha akaongeza kwamba kulikuwa pia na Waafrika wengi, ila hao hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Anasema hivyo katika sentensi moja, halafu anaendelea na mambo mengine. Hakuficha kitu. Hakuona kama kuna kitu cha kuficha.

Ngozi za wale simba ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field Museum huko Chicago, dola 5,000. Wako huko mpaka leo, wamesimamishwa ndani ya kioo. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemikali kwenye nywele na mifupa yao wakakadiria kwamba huenda walikula watu 35 hivi. Mwaka 2024 wengine walichunguza nywele zilizokwama kwenye meno yao yaliyovunjika, wakakuta za twiga, za pundamilia, na za binadamu. Nilisoma hiyo nikaweka simu chini kidogo. Kumbe kumbukumbu iliyokosekana ofisini ilikuwa imehifadhiwa kwenye meno ya mnyama aliyewala.

Hapa ndipo watu wengi husema neno moja, ubaguzi, na kufunga kitabu. Ubaguzi ulikuwepo, sibishani. Lakini neno hilo halielezi kwa nini Mhindi, ambaye naye alidharauliwa na kupewa jina la kumtusi, alihesabiwa mpaka yule wa 2,493. Mzungu hakumpenda. Alimhesabu kwa sababu Mhindi yule alikuja na mkataba. Serikali ya India ilikuwa na sheria za watu wanaopelekwa kufanya kazi ng'ambo. Kulikuwa na nauli, mshahara, ahadi ya kumrudisha kwao. Asiporudi, kuna ofisi fulani ingeuliza yuko wapi. Karani wa reli aliandika kifo chake kwa sababu alijua swali linakuja.

Mkulima aliyechukuliwa kijijini kubeba mzigo wiki tatu hakuwa na ofisi. Alikuwa na mama. Mama angeuliza, lakini swali lake halikuwa na mlango wa kuingilia pale ofisini. Ndiyo maana naamini kwamba mtu huandikwa pale ambapo kuna mwingine wa kumuulizia, na anayeulizwa anajua lazima ajibu. Dawati la karani likiwa halina swali, na daftari linabaki tupu.

Kuna watu waliopewa zaidi ya hesabu. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi kuna behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli, Ryall, aliuawa na simba kituo cha Kima mwaka 1900. Behewa zima limehifadhiwa kwa ajili ya kifo kimoja. Mimi siombi behewa liondolewe. Linaonyesha tu kwamba njia ya kumkumbuka mtu mmoja mmoja ilijulikana vizuri wakati huo.

Sasa turudi Kisii, maana reli ambayo haikufika ilitufikia kwa njia nyingine. Kabla ya Aprili 1902, sehemu hii yetu kwenye makaratasi ya Waingereza ilikuwa Uganda. Tarehe 1 mwezi huo mkoa mzima ulihamishiwa upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo Kenya, na sababu moja ilikuwa kuiweka reli yote chini ya serikali moja. Wazee wetu walihama nchi bila kuinua mguu, kwa ajili ya reli ambayo wengi wao hawakuwa wameiona.

Na reli ilipofika Kisumu, serikali iliyokuwa mbali ikawa karibu. Mwaka 1905 ukaja msafara wa kijeshi Gusii. Mwaka 1907 kikajengwa kituo cha utawala pale Getembe, ndio mji huu wa Kisii, na afisa wake akawa G. A. S. Northcote. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akiwa amechochewa na Moraa, mwanamke aliyekuwa mganga na mwonaji, alimchoma Northcote mkuki. Northcote hakufa. Jeshi likaja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na watu wakauawa.

Wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London alikuwa Winston Churchill. Miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 1907, alikuwa amesafiri kwa hiyo hiyo Reli ya Uganda, ameketi kwenye benchi mbele kabisa ya injini akitazama wanyama, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari yake akiisifu reli. Februari mwaka huo simu ya maandishi kutoka huku ikafika mezani kwake: watu 160 wa Kisii wameshauawa, na upande wa serikali hakuna hasara mpya. Churchill aliandika pembeni kwamba haipendi sauti ya taarifa zile, kwamba jambo hili linafanana na uchinjaji, kwamba haiwezekani kuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa kiwango kile. Na akaandika pia kwamba Bunge likizipata habari hizi, mipango yao yote huku itaingia doa.

Nimeyasoma hayo mara nyingi. Sitaki kumdharau, kuna wengi walioisoma simu ile na hawakuandika lolote. Lakini ona vile hofu na huruma zimekaa kwenye karatasi moja. Watu 160 walihesabiwa kwa sababu kulikuwa na Bunge ambalo lingeweza kuuliza. Bunge lingeuliza wangapi. Halingeuliza akina nani. Kwa hivyo idadi ipo, na majina hayapo. Aliyesikitika anajulikana kwa jina dunia nzima. Northcote baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliosikitikiwa ni namba.

Mtu atasema, lakini sisi tulikuwa na kumbukumbu zetu, za mdomo. Ndiyo, na zina nguvu. Otenyo na Moraa wamebaki hai kwa sababu watu waliendelea kuwataja, sio kwa sababu ya jalada lolote. Husimuliwa pia kwamba Sakagwa, mwonaji wetu, alipita Getembe kabla ya wazungu kuja akaonyesha kwa kidole mahali majengo yao yangesimama. Nikisikia hiyo huwa nafikiria michoro ya wahandisi. Huyu naye alichora mji ambao haujajengwa, bila karatasi.

Lakini tusijidanganye kwamba kumbukumbu ya mdomo haibagui. Inamtaja shujaa na nabii. Wale wengine waliouawa siku hizo wako wapi kwenye masimulizi yetu? Mwanamke ambaye ng'ombe wote wa boma lake walichukuliwa, akabaki na watoto na hakuna maziwa, nani alimtungia wimbo? Sisi pia tulikuwa na watu wa kuulizia na watu wa kuacha. Nikisema daftari la mkoloni lina dhambi, itabidi niseme hadithi zetu nazo zina deni.

Miaka 6 baada ya Otenyo ikaja vita kuu ya kwanza. Wanaume wa Gusii, kama wa sehemu nyingine za Kenya, walipelekwa kwa wingi kubeba mizigo ya jeshi. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu ya mwaka 1928, na mmoja wa wale watatu waliosimama juu ni mbeba mizigo. Haina jina la mtu hata mmoja. Maandishi yake, kwa maana, yanamwambia aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao Waafrika, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba msamaha. Imechukua zaidi ya miaka mia moja. Na haikutokea yenyewe. Ilitokea kwa sababu kuna watu walianza kuuliza.

Hiyo inanipa jibu la nusu ya swali langu. Daftari tupu halijitokezi kama ukungu. Kuna mtu aliyekuwa na kalamu, akaamua ni nani anastahili wino. Kwa hivyo nikikuta pengo kwenye kumbukumbu, nalisoma kama tendo la mtu, vile ninavyosoma sahihi.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi: tunadaiwa nini? Rafiki yangu yule anayenicheka ana jibu rahisi. "Si wewe ni mwandishi? Wape majina. Tunga. Sema kulikuwa na fulani kutoka Kitutu, alikuwa na mke na mtoto, akafa Tsavo. Nani atabisha?" Nimelifikiria sana, kwa sababu hadithi ya kubuni ni kazi halali na naipenda. Riwaya inaweza kumfanya msomaji ahisi uzito wa mtu. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kubuni mtu na kudai kwamba umempata. Nikimpa jina la uongo mtu halisi aliyekufa, nimemwondoa mara ya pili. Mara ya kwanza aliondolewa na karani aliyemnyima jina, mara hii na mimi niliyemvika jina linalonifaa. Na zaidi ya hapo, nimemsaidia karani: nimelijaza pengo lake vizuri hivi kwamba hakuna atakayejua lilikuwepo.

Naona ni heri pengo liachwe wazi na lionyeshwe. Tuseme: hapa walikuwepo watu, mtu fulani mwenye kalamu hakuwaandika, na hii ndiyo sababu. Tuandike hivyo kwenye makumbusho, chini ya picha, pembeni ya mchoro wa daraja. Haitoshi, najua. Lakini ni kweli, na wafu wanastahili kweli kabla ya kustahili uzuri.

Na kuna kazi nyingine, ambayo naiona nzito kuliko zote, kwa sababu inahusu walio hai. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikasogezwa hadi Naivasha mwaka 2019, na mpango ni ifike Kisumu na Malaba. Michoro inachorwa tena. Mradi kama huo ukipita kwenye shamba, anayeonekana kwanza ni mwenye jina kwenye hati. Unajua mashamba yetu ya huku yalivyo: vipande vidogo, vimegawanywa na kugawanywa tena, na mara nyingi hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki zamani. Anayelima hapo ni mjane wa mtoto wake. Anayechuma majani chai hapo ni msichana aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na ndugu zake hawataki hata kusikia habari ya kumwandikia kipande. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na haki kwenye ardhi hata kama hati haina jina lake, lakini ni lazima ajitokeze aseme, au kuwe na mtu wa kumuulizia.

Na wale vijana wanaopakia zege kwenye majengo ya ghorofa hapa mjini, wanaochukuliwa asubuhi na kulipwa jioni, je? Mmoja akianguka, daftari la nani lina jina lake? Wengi wetu tunajua jina la utani tu. Tunamwita Fundi, tunamwita Kijana. Mimi mwenyewe naishi kwa vibarua visivyo na karatasi, na pale chuoni nilikokuwa nimebaki neno moja kwenye orodha: aliacha. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba karo iliisha. Sijifananishi na mtu wa Tsavo, mimi niko hai na naandika. Ninachosema ni kwamba orodha bado zinaandikwa vile vile, kwa kufuata maswali ambayo mwenye orodha anaogopa kuulizwa.

Basi tuwe watu wa kuuliza. Ukiwa kwenye mjengo, jua jina kamili la unayefanya naye kazi na namba ya mtu wa kwao. Kikao cha familia kikikaliwa kuhusu shamba, na shangazi yako hajatajwa, mtaje, hata kama wazee watakukodolea macho. Ukienda pale Kenya National Archives, Moi Avenue, usiulize tu kilichopo kwenye jalada. Uliza ni nani alipaswa kuwepo. Na ukiwa kwa magokoro wako, usimuulize habari za Otenyo tu, maana hizo tunazo. Muulize ni nani alitoka kwao asirudi, aliitwa nani, na alikuwa mtoto wa nani. Akikuambia jina, liandike siku hiyo hiyo, na tarehe uweke.